Maswali ya Wasomaji: Mtoto Huhesabiwa Lini Kabla ya Kupata Dawati?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na karibu zote zinauliza juu ya nafasi za watoto shuleni. Nimechagua tano. Niliwahi kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika meza ya vifaa na takwimu ya idara ya elimu ya halmashauri, kwa hiyo pale ambapo majibu yangu yataonekana kuitetea meza hiyo, msomaji ana ruhusa ya kunitilia shaka.

Shikamoo Mwalimu. Ninaishi pembezoni mwa Jiji la Mbeya, na mwanangu wa pili ameanza darasa la kwanza katika chumba chenye watoto zaidi ya mia moja. Watoto hawa hawakudondoka kutoka mawinguni: walizaliwa miaka sita iliyopita, wakachanjwa, na wengi wao wamesoma awali hapo hapo. Halmashauri huhesabuje watoto, na kwa nini kila Januari tunaona kana kwamba wamekuja bila taarifa? — Mama wa Watatu, Mbeya

Marahaba, Mama wa Watatu. Hoja yako ya miaka sita ndiyo hiyo hiyo ambayo ofisi ya elimu huanza nayo. Kazi hiyo huitwa maoteo ya uandikishaji, na chanzo chake kikubwa ni Sensa ya Watu na Makazi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya 2022 ikahesabu watu 541,603, yaani ongezeko la zaidi ya watu 156,000 katika miaka kumi. Kutokana na umri wa waliohesabiwa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa makadirio ya mwaka hadi mwaka, na kutoka hapo afisa wa halmashauri anaweza kujua, kwa ukaribu wa kuridhisha, ni watoto wangapi watatimiza miaka sita. Juu ya hayo kuna takwimu ambazo kila shule huzijaza mwezi Machi, zikiwemo za darasa la awali, ambalo ndilo darasa la kwanza la mwakani. Kuna pia madaftari ya chanjo katika zahanati, na kuna vyeti vya kuzaliwa. Mkoa wetu wa Mbeya ulitangulia katika hili, kwa kuwa mpango wa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika ofisi za kata na vituo vya afya ulianza hapa mwaka 2013, kabla ya kufika katika mikoa mingi mingine.

Kutoka kwenye idadi ya watoto hadi idadi ya vyumba kuna hesabu ya mtoto wa darasa la nne, ila ina mtego. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja katika shule ya msingi na 40 katika sekondari. Kwa vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tuchukue mfano wa kubuni wa shule ambayo darasa lake la saba lina mikondo miwili yenye wanafunzi 90, na ambayo inatarajia watoto 180 wa darasa la kwanza. Wanaoondoka wanaacha vyumba viwili, wanaoingia wanahitaji vinne, basi pengo ni vyumba viwili. Diwani akishapata viwili hivyo na kuvizindua, watu hudhani mambo yamekwisha. Kumbe mwakani watoto hao 180 watakuwa darasa la pili na bado watakalia vyumba vinne, huku nyuma yao wakiingia wengine 180. Ili kiwango kisivunjwe, shule hiyo itahitaji vyumba viwili vipya kila mwaka, pamoja na matundu manne au matano ya vyoo, mpaka kundi la kwanza litakapomaliza. Nimeona mipango mingi iliyotaja vyumba viwili vya mwaka wa kwanza na kunyamazia kumi na viwili vya miaka iliyofuata.

Kwamba wimbi huonekana mapema, mfano mzuri tunao. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na uandikishaji wa darasa la kwanza mwaka huo ukapanda ghafla nchi nzima. Kila aliyejua kuhesabu hadi saba alijua kwamba watoto hao wangegonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2023. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilijenga vyumba 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya uangalizi wa shule mama, na mwaka 2022 ikatoa shilingi bilioni 160 kwa vyumba vingine 8,000 vya sekondari. Wimbi lilipokelewa, ingawa vyumba hivyo vilijengwa kwa mbio za miezi michache kwa jambo lililojulikana kwa miaka saba.

Mbio hizo zinatokana na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, mwaka wa shule huanza Januari. Kipaumbele cha mtaa au kijiji hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kikaenda kwa wataalamu wa halmashauri, kwenye kamati za kudumu, Baraza la Madiwani, Sekretarieti ya Mkoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, hadi Bunge linapojadili bajeti kuanzia Aprili. Kwa hiyo chumba kinachotakiwa kuwa tayari Januari 2027 kilipaswa kuombwa katika mkutano wa mtaa mwishoni mwa 2025, mwaka mzima kabla ya mzazi kumpeleka mtoto wake kuandikishwa. Isitoshe, huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Matofali hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na fedha ya ujenzi inayofika Desemba hukuta barabara za tope na tanuri lililozimwa na maji.

Hata hivyo, Mama wa Watatu, kalenda na hesabu ya kuzaliwa si kiini cha tatizo la mtaa wako. Kiini ni kwamba hesabu ya kuzaliwa hubaki pale mtoto alipozaliwa, naye mtoto huondoka. Yule aliyechanjwa Ileje au Busokelo yumo katika daftari la huko, lakini wazazi wake wamenunua kiwanja pembezoni mwa Mbeya mwaka jana, wamehamia kwenye nyumba isiyo na plasta, na mwanzoni mwa Januari anakuja shuleni akishikwa mkono na bibi yake. Chunya mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtu hufuata dhahabu, na mduara mpya, yaani shimo la wachimbaji wadogo, ukifunguliwa kijiji huweza kupata watoto wa shule nzima katika msimu mmoja na kuwapoteza katika msimu unaofuata. Mbarali hufuata mpunga na malisho. Makadirio ya sensa hayawezi kukuambia ni mtaa upi utakaojaa. Anayejua hilo ni mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye karatasi za mauziano ya viwanja. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona mihuri hiyo ikihesabiwa kwa ajili ya shule. Ingehesabiwa, tungekuwa na taarifa ya mwaka mmoja au miwili kabla ya mtoto kufika.

Halafu kuna ardhi. Mtaa uliokua wenyewe bila kupimwa, ukaja kurasimishwa baadaye, hupimwa nyumba zikiwa zimekwisha kusimama, na uwanja wa shule haumo kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuacha. Halmashauri huweza kuwa na fedha za vyumba sita na isiwe na mahali pa kuviweka, hivyo ikaviweka katika shule ya zamani iliyokwisha kujaa, ikila uwanja wa mpira, au ikapanda ghorofa, ambayo ni ghali zaidi na haijengwi na fundi wa kijiji. Ndiyo maana watoto hugawanywa kwa awamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana. Mimi sioni awamu mbili kuwa fedheha. Afadhali mtoto asome kwa muda wa saa nne katika chumba cha watoto 60 kuliko saa saba katika chumba cha watoto 120 ambao mwalimu hawezi kuwafikia. Najua wazazi wengi hawakubaliani nami, hasa wanaofikiria nani atamwangalia mtoto asubuhi.

Kamwene Mzee. Kijijini kwetu, mkoani Iringa, tulichangishana, tukafyatua matofali na kuinua maboma mawili hadi kwenye lenta. Misimu miwili ya mvua imepita bila bati. Tuliambiwa Serikali itaezeka. Nani huamua boma lipi litangulie? — Mjumbe wa Kamati ya Shule

Kamwene, ndugu mjumbe. Utaratibu wa wananchi kuinua boma na Serikali kulimalizia ni wa siku nyingi katika Nyanda za Juu Kusini. Shule nyingi za sekondari za kata zilizofunguliwa wakati wa MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, zilisimama kwa matofali ya wananchi. Kiasi ambacho Serikali Kuu imekuwa ikikipeleka kwa umaliziaji wa boma moja la darasa ni shilingi milioni 12.5, nacho hakiji kwa kuwa boma lipo. Huja kwa kuwa boma limo katika orodha.

Orodha hiyo huandaliwa na halmashauri, na kwa kawaida mambo matatu huamua nafasi ya boma lenu. La kwanza ni upungufu wa vyumba kwa takwimu za shule, na hapa mara nyingi kijiji chenye umoja na bidii huachwa nyuma ya kijiji chenye watoto wengi, jambo linalouma lakini lina haki yake. La pili ni vipimo. Mhandisi wa halmashauri hawezi kuidhinisha fedha kwa boma lililojengwa bila kufuata ramani ya darasa, lenye msingi mfupi au lenta isiyo na nondo za kutosha. Maboma kadhaa ninayoyafahamu yalikaa miaka bila mtu kuwaambia wanakijiji kwamba hayataezekwa kamwe kwa sababu hiyo. Ni ukatili wa kimya, na afadhali jibu baya la maandishi kuliko ahadi njema ya mdomo. La tatu, sitaficha, ni sauti ya diwani katika Kamati ya Fedha na ile ya mbunge katika Mfuko wa Jimbo.

Ninashauri hivi. Mwombeni mtendaji wa kata, kwa barua yenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, amlete mhandisi alikague boma na aache taarifa ya maandishi. Taarifa hiyo iingizwe katika mpango wa kijiji kabla ya Desemba, ili isikose mzunguko wa bajeti. Wakati mnasubiri, funikeni kichwa cha kuta kwa tabaka la saruji au kwa nailoni nzito iliyofungwa vizuri, maana tofali la kuchoma lililojengewa udongo likinyeshewa kutoka juu kwa msimu wa tatu litakuwa mjadala mwingine kabisa. Na kama bado hamjaanza boma la tatu, msianze. Nguvu mliyotawanya kwenye maboma mawili ingetosha kukamilisha moja, likaezekwa na kukaliwa na watoto.

Umeuliza pia pembeni kama mwalimu mkuu anaweza kutumia ruzuku ya uendeshaji kununulia bati. Hawezi. Ruzuku hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, nayo ni ya vifaa vya kufundishia, mitihani, ukarabati mdogo na mambo ya aina hiyo.

Kuna faida gani kumwandikisha mtoto Oktoba, wakati hata Januari anapokelewa? — Baba Mkulima, Mbozi

Mtoto wako atapokelewa vyovyote vile. Tofauti ni kwamba orodha ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayomwezesha Afisa Elimu Kata kuwahamishia watoto 50 shule jirani yenye nafasi, kuongeza madawati, au kuomba mwalimu kutoka kata nyingine, kabla mtu yeyote hajakaa sakafuni. Januari hayo yote huwa yamechelewa. Ninaelewa kwamba Oktoba ni wakati wa kuandaa mashamba, lakini uandikishaji huchukua asubuhi moja.

Binti yangu alianza darasa la tatu Januari 2024. Nimesikia kwamba watamaliza shule ya msingi pamoja na kaka yake aliye mbele yake darasa moja. Je, ni kweli, na watakaa wapi wote? — Mzazi, Makambako

Ni kweli, na ni swali ambalo kila diwani anapaswa kuulizwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, ikimalizikia kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Binti yako, aliyekuwa darasa la tatu mwaka huo, atamaliza darasa la sita mwaka 2027. Kaka yake, aliyekuwa darasa la nne kwa mtaala wa zamani, atamaliza la saba mwaka huo huo. Januari 2028 wote wawili wataingia kidato cha kwanza, na pamoja nao makundi mawili kamili ya nchi nzima.

Kwa sekondari iliyozoea kupokea wanafunzi 160, yaani vyumba vinne kwa kiwango cha 40, ni vyumba vinane kwa mkupuo, na kundi hilo pacha litabaki shuleni hadi mwisho wa 2031. Baadhi ya watu husema si busara kujenga vyumba vya kudumu kwa ajili ya wimbi linalopita. Mimi naona wanakosea, kwa sababu idadi ya watu nchini ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya sensa mbili zilizopita, na kwa mwendo huo mji kama Makambako, uliokaa kwenye makutano ya barabara kuu na reli ya TAZARA, hautakosa watoto wa kuvijaza vyumba hivyo. Isitoshe, elimu ya lazima ikifika kidato cha nne, yule aliyekuwa akiishia darasa la saba naye ana haki ya kiti. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni walimu wa hisabati na sayansi, ambao hawajengwi kwa saruji, na mabweni na hosteli kwa wasichana wanaotoka mbali.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika. Mwaka 2028 shule za msingi hazitakuwa na darasa la saba. Vyumba vilivyokuwa vikitumiwa na darasa hilo vitabaki wazi, na katika shule yenye mikondo inayolingana hiyo ni karibu sehemu moja ya saba ya vyumba vyake vyote. Katika shule zilizojaa, vitatumika siku hiyo hiyo kupunguza msongamano, na ndiyo matumizi bora. Lakini pale ambapo shule ya msingi na sekondari ya kata zimepakana, na hilo ni jambo la kawaida katika wilaya zetu, halmashauri inaweza kupanga mapema kuazima vyumba hivyo kwa kidato cha kwanza kwa mwaka mmoja au miwili. Itahitaji meza na viti vya sekondari, maana dawati la mtoto wa miaka saba halimkai kijana wa miaka 13, na itahitaji makubaliano ya vyoo. Bajeti ya kufanya hivyo ni ile itakayoanza Julai 2027, ambayo maandalizi yake yanaanza mwishoni mwa 2026. Ulizeni kwenye kata yenu kama jambo hilo limo.

Mwalimu, kila mtu analia msongamano. Shule yetu, iliyo juu milimani mkoani Njombe, ina wanafunzi 118 kwa madarasa yote, na tunasikia minong'ono kwamba itaunganishwa na nyingine. Je, halmashauri inaweza kuifunga? — Mwalimu wa Kijijini

Shule inaweza kuunganishwa na nyingine, lakini hilo hupitia vikao vya kijiji na kata, Baraza la Madiwani na idhini ya ngazi za juu za elimu, wala si uamuzi wa afisa mmoja. Vijana wa vijiji vya juu huenda Makambako, Mbeya na Dar es Salaam, huzalia watoto wao huko, na shule iliyojengwa kwa ajili ya mikondo miwili hubaki na mmoja mwembamba. Katika majedwali ya halmashauri yenu shule hiyo huonekana ina ziada ya vyumba, na ziada hiyo hupunguza wastani wa upungufu wa wilaya nzima, jambo linaloficha shida ya shule za mjini.

Shida yenu halisi ni ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule hupangiwa. Uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ukitumiwa kama ulivyo, shule ya wanafunzi 118 hupata walimu watatu kwa madarasa saba, idadi ambayo haiwezi kufundisha ratiba kamili. Uwiano huo ulifikiriwa kwa shule kubwa. Katika maombi yenu ya walimu, andikeni idadi ya madarasa na ya vipindi kwa wiki, pamoja na idadi ya wanafunzi, kwa kuwa vipindi ndivyo vinavyoonesha kwamba mtu wa nne anahitajika.

Kuhusu kuunganishwa, jambo la kupimwa ni njia ambayo mtoto wa miaka sita ataipita mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala bondeni na umande umeganda kwenye nyasi. Kama njia hiyo haipitiki kwa mtoto mdogo, ipo njia ya kati: shule yenu kubaki shikizi, ikiwa na awali hadi darasa la pili au la tatu chini ya uangalizi wa shule mama, na wakubwa peke yao kutembea. Pimeni njia hiyo kwa miguu mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, mkiandika dakika zinazotumika na mito inayovukwa, kisha karatasi hiyo iambatanishwe kwenye muhtasari utakaokwenda kata.